Kolektivu si throto: kwa wanaorusha helikopta kwenye kompyuta

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na vijana wa Dodoma, Singida na kwingineko Kanda ya Kati wanaorusha helikopta kwenye kompyuta nyumbani, pamoja na wazazi na wauza vifaa wanaowashauri. Wengi huanza na ndege ya kawaida na mambo huwaendea vizuri: wanaruka, wanazunguka mji, wanatua. Siku wanapohamia helikopta, chombo kinazunguka kama pia, kinaangukia ubavu kabla hakijafika usawa wa paa, na baada ya wiki mbili joistiki iko juu ya kabati inakula vumbi. Kijana anaambiwa ana mkono mzito, au duka linalaumiwa kwa kuuza kifaa kibovu. Mara nyingi yote mawili si kweli. Vidhibiti vilipangwa kwa ajili ya ndege, helikopta ikarithishwa hivyo hivyo.

Helikopta ina vidhibiti vitatu vikuu. Mkono wa kushoto unashika kolektivu, wenzo ulio ubavuni mwa kiti. Ukiupandisha, mapanga yote ya juu yanaongeza pembe kwa pamoja na chombo kinapanda. Mkono wa kulia unashika saikliki, fimbo iliyo kati ya magoti. Hiyo inainamisha duara lote la mapanga kuelekea unakotaka kwenda. Miguu iko kwenye pedali, nazo hubadilisha pembe ya mapanga madogo ya mkiani ili mwili wa chombo usizunguke kinyume na mapanga makubwa. Ukigusa kimoja, viwili vilivyobaki vinadai haki yao papo hapo.

Kosa la kwanza, na ndilo linaloua hamu ya wengi, ni kudhani kolektivu ni throto. Throto inalisha injini. Kwenye helikopta ndogo ya Robinson R22 throto ni mshiko wa kuzungusha, unaofanana na wa bodaboda, uliofungwa kwenye ncha ya kolektivu, na kuna kifaa kiitwacho gavana kinachoizungusha chenyewe ili mapanga yabaki kwenye mzunguko uleule, asilimia 104 kwenye saa yake. Mzunguko ukishuka hadi asilimia 97, honi inalia. Sasa mtu anachomeka joistiki mpya, simuleta, yaani programu ya kurushia, inaupa ule mkono mdogo ulio pembeni mwa kitako cha joistiki kazi ya throto bila kumuuliza, naye anaongeza kazi ya kolektivu kwenye mkono huohuo bila kuifuta ya kwanza. Akishusha kolektivu kidogo apungue kimo, anaikaba na injini pia. Honi inalia, chombo kinadondoka, anasema kolektivu ni mbovu.

Dawa yake ni kufungua ukurasa wa vidhibiti na kufuta kila kitu kilichojipanga chenyewe kwenye mihimili, yaani mielekeo ya kusogea ambayo kompyuta huisoma kwenye kifaa, kisha kupanga upya kwa kanuni ya mhimili mmoja kazi moja. Simuleta za X-Plane na Microsoft Flight Simulator zote zina mhimili wa kolektivu uliotengwa na throto, kwa hiyo utafute huo. Throto ipe kitufe kingine cha kuzungusha kama unacho. Kama huna, iache bila mhimili, injini iwashwe na simuleta na gavana iwe imewashwa. Kwenye FlightGear, ambayo ni ya bure na inafaa kompyuta zisizo na nguvu sana, baadhi ya helikopta husoma kolektivu kutoka mhimili wa throto, tena kinyume: mkono ukiwa mbele kabisa, kolektivu iko chini kabisa. Usibishane nayo. Angalia wenzo ndani ya chumba cha rubani kwenye skrini. Wa kwako ukiwa chini, wa kwenye skrini nao uwe chini, na kama sivyo geuza mwelekeo wa mhimili.

Kabla ya simuleta yoyote, kwenye Windows bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika joy.cpl, kisha fungua kifaa chako. Sogeza kila mhimili polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Alama kwenye skrini iteleze bila kuruka na ifike kote kuwili. Ikitetemeka hali mkono umetulia, tatizo liko kwenye kifaa au waya, na hakuna mpangilio wa simuleta utakaoliponya.

Ule mkono mdogo wa joistiki unatosha kujifunzia, lakini mkao wake unadanganya, maana unasukumwa mbele wakati kolektivu huvutwa juu. Kutengeneza wenzo wa kweli ni kazi ya Jumamosi moja kwa fundi wa kuchomelea. Chukua bomba la chuma la pembe nne la inchi moja, urefu wa sentimita 60 kutoka kwenye egemeo hadi mkono unaposhika. Egemeo likae usawa wa nyuma ya kiti, upande wa kushoto. Wenzo ukizunguka nyuzi 30 tu, mkono utapanda kama sentimita 31, na hicho kimo kinatosha.

Ugumu uko kwenye msuguano. Kolektivu lazima ikae pale ulipoiacha, na hapohapo isogee kwa vidole viwili. Wengi huweka mpira wa tyubu kati ya vyuma. Mpira hukwama, halafu ukiongeza nguvu huchomoka ghafla, na chombo kinaruka futi kumi usizozitaka. Tumia ngozi ya fundi viatu. Kata vipande viwili vya duara, upana wa sentimita nne, kila kimoja na tundu katikati. Vitie pande mbili za bomba kwenye boliti ya milimita 10, funika kwa washa pana za chuma, kisha kaza kwa nati yenye masikio ili uweze kuirekebisha kwa mkono. Usipake grisi. Uzito wa bomba usiachiwe ngozi peke yake: funga ukanda wa tyubu ya baiskeli kutoka kwenye bomba hadi mgongo wa kiti uubebe, ndipo ngozi ibaki na kazi ya kushikilia tu. Jaribio lake ni kuinua wenzo nusu, kuachia mkono, kisha kukanyaga sakafu kwa kishindo. Ukishuka hata kidogo, bado hujamaliza.

Kwa upande wa umeme utahitaji bodi ndogo ya Arduino, saketi inayopakiwa programu, aina ya Pro Micro, yenye chipu ya ATmega32U4. Hiyo kompyuta huitambua kama joistiki ukiipakia maktaba ya bure ya kazi hiyo. Arduino Uno R3, ambayo ndiyo wanafunzi wengi wanayo, haifanyi hivyo moja kwa moja, kwa hiyo usinunue kwa mazoea. Kisha unahitaji potenshiometa, ambayo mafundi redio huiita volyumu. Geuza uisome mgongoni: iandikwe B10K. Ikiandikwa A10K ni ya sauti, hupanda kwa mkunjo, na kolektivu yako italala nusu ya kwanza kisha iruke nusu ya pili. Miguu miwili ya pembeni inakwenda VCC (chanya) na GND (hasi) za bodi, wa katikati unakwenda A0, tundu la kusomea. Ukipishanisha ile ya pembeni, mwelekeo unageuka tu na hakuna kinachoharibika. Ukipeleka wa katikati kwenye VCC na wa pembeni kwenye GND, siku wenzo utakapofika upande huo umeme utapita bila kizuizi. Volyumu itaungua au kompyuta itazima tundu la USB. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka. Kapasita ndogo iliyoandikwa 104 kati ya mguu wa katikati na GND hupunguza mtetemo. Waya wa USB nao uwe wa data. Ule wa kuchajia simu tu hauna nyaya hizo, na watu wamepoteza siku nzima wakitafuta kosa kwenye programu.

Wanaojenga wenyewe wengi hawapigi hesabu ya gia. Volyumu ya kawaida huzunguka kama nyuzi 300, na Pro Micro hugawa mzunguko huo hatua 1,024. Wenzo wako unazunguka nyuzi 30. Ukiuunga moja kwa moja, unatumia sehemu moja ya kumi, yaani hatua 100 na ushei kwa kolektivu nzima. Ndiyo maana chombo kinapanda kwa ngazi badala ya kuteleza. Weka gia ya meno 60 kwenye egemeo na ya meno 10 kwenye volyumu, zikitolewa kwenye printa zilizokufa au popote penye gia zinazolingana meno. Nyuzi 30 zitakuwa 180 na hatua zitapita 600. Gia zikiwa na nafasi kati ya meno, vuta ile ndogo kwa springi nyepesi ili iegemee upande mmoja daima.

Niseme na la vumbi, maana hapa kwetu kuanzia Juni hadi Oktoba upepo hauna adabu. Vumbi likiingia kwenye volyumu linakwaruza njia ya kaboni, na alama kwenye joy.cpl inaanza kuruka mahali palepale kila mara. Ifunike kwa kifuniko cha chupa na gundi, au tumia sensa ya sumaku kama SS49E, ambayo haigusani na kitu. Inadai uvumilivu wa kupanga sumaku ili usomaji upande sawasawa, lakini hailiki.

Sasa saikliki. Hapa ndipo ushauri mbaya unapozagaa zaidi, kwamba helikopta ikikushinda ongeza ukanda mfu, yaani ule umbali wa katikati ambao fimbo inasogea na kompyuta haijali. Tupige hesabu. Fimbo ya sentimita 15 inayoinama nyuzi 20 inaupeleka mkono sentimita tano kila upande. Ukanda mfu wa asilimia 10 ni nusu sentimita iliyokufa kila upande wa katikati. Kuelea mahali pamoja ni kazi ya milimita. Chombo kinaanza kuteleza, unasogeza, hakuna kitu, unaongeza, kinaitika kwa pupa, unarudisha, umepita. Kule kuyumba kama mlevi mara nyingi umekutengeneza mwenyewe kwenye mpangilio. Ukanda mfu uwe sifuri, na kama volyumu imechoka, asilimia moja au mbili, basi.

Jambo la pili ni springi. Helikopta ya kweli inapoelea, saikliki haikai katikati kabisa. R22, ambayo mapanga yake yanazunguka kinyume cha saa ukitazama kutoka juu, husukumwa kulia na panga la mkiani, hivyo rubani hushikilia fimbo kushoto kidogo muda wote. Springi ya joistiki inataka kuirudisha katikati muda wote. Mkono unapambana na springi badala ya kurusha, na kila fimbo ikipita katikati unahisi kijiwe.

Tiba bora ni kurefusha fimbo. Kwa bomba la plastiki la kufikisha sentimita 45, nyuzi zilezile 20 zinakuwa sentimita 15 za mkono, na springi inahisiwa kwa theluthi ya nguvu yake. Tahadhari ni moja: ukiigonga mwisho wa safari, plastiki ya ndani inapokea pigo mara tatu, na huvunjika. Kitako cha joistiki kifungwe kwa skrubu kwenye mbao ya sentimita 40 kwa 40, miguu ya mbele ya kiti ikanyage mbao hiyo. Kiti kiwe cha miguu minne. Cha ofisi chenye magurudumu kitarudi nyuma kila ukikanyaga pedali, na mikono itafuata mwili.

Ukiamua kuigusa springi yenyewe, chomoa USB, piga picha kila hatua, na usiikate. Tafuta nyingine laini yenye kipenyo hichohicho. Ya zamani iweke kwenye mfuko, utaihitaji siku ukirudi kwenye ndege. Ukumbuke kwamba ukifungua kifaa, dhamana ya duka imekwisha. Asiyetaka kufungua atumie trimu ya simuleta, inayoikubali nafasi ya fimbo ya sasa kuwa katikati mpya. Kwenye simuleta ya DCS World chagua ile hali inayosubiri fimbo irudi katikati kabla ya kuisoma tena, la sivyo ukiachia kitufe helikopta inapokea mara mbili na kuruka ubavu.

Mkunjo wa usikivu, yaani kiasi simuleta inavyoitika fimbo ikisogea? Kwa fimbo fupi punguza usikivu wa katikati kwa asilimia 20 hivi, usizidishe. Mkunjo mkali hupoza katikati ya fimbo, na tumeona kwamba kuelea hakufanyiki hapo. Matokeo yake fimbo inakuwa kali upande mmoja na baridi upande mwingine. Fimbo ndefu iachwe mstari ulionyooka. Na kwenye X-Plane shusha hadi sifuri zile msaada za kutuliza chombo zilizo karibu na mipangilio ya usikivu. Zinaonekana za huruma, lakini zinafundisha mkono uongo.

Pedali za miguu ndizo za kununua au kutengeneza mapema iwezekanavyo. Kuzungusha fimbo ya joistiki badala ya pedali kunawezekana, ila kila unapozungusha kiganja unaisukuma saikliki bila kujua. Ukishazipata, ufute ule mhimili wa kuzungusha, vinginevyo viwili vinagombania mkia mmoja. Pedali zisiwe na springi kali. Sentimita tano hadi saba za safari kila mguu zinatosha, kisigino kikiwa kimetulia sakafuni.

Mwelekeo wa mguu unategemea chombo. Novemba 2022 toleo la 2020 la Microsoft Flight Simulator lilipokea helikopta zake mbili za kwanza, Guimbal Cabri G2 ya Ufaransa na Bell 407. Mapanga ya Bell yanazunguka kinyume cha saa. Ukivuta kolektivu, pua inakwenda kulia na unahitaji mguu wa kushoto. Ya Cabri yanazunguka kufuata mshale wa saa, na unahitaji mguu wa kulia. Kijana anayerukia moja kisha nyingine siku hiyohiyo anaamini pedali zake zimegeuka, anakwenda kuzigeuza kwenye mipangilio, na hapo ameharibu vyote viwili. Chagua chombo kimoja, kaa nacho mwezi mzima.

Kuna na mambo yanayolaumiwa vifaa bure. La kwanza ni hewa yetu. Uwanja wa Dodoma uko karibu futi 3,670 juu ya bahari, na mchana wa nyuzi joto 30 hewa yake ni nyepesi kama ya futi 6,000 na ushei. R22 yenye watu wawili na tangi lililojaa itavuta kolektivu hadi nguvu iishe, honi ilie, na kosa lisiwe la waya wala la mhimili. Weka mtu mmoja, nusu tangi, asubuhi yenye baridi. Au anzia Tanga, usawa wa bahari, urudi nyumbani mkono ukishapona. La pili ni kushuka wima haraka: ukipita futi 300 kwa dakika hali mwendo uko chini ya noti 30 (maili za baharini kwa saa) na nguvu ziko juu, mapanga yanaingia kwenye hewa yaliyoisukuma yenyewe, na kuvuta kolektivu kunazidisha kuanguka. Sukuma saikliki mbele, utoke. La tatu ni picha inayokwamakwama. Punguza urembo wa majengo na mawingu hadi picha zitembee 30 kwa sekunde bila kusita. Mkono unaosubiri picha utasahihisha kosa lililopita zamani.

Jaribio la kwanza baada ya kupanga lisiwe kupaa. Kaa kwenye mstari wa katikati wa njia ya kurukia, tazama mbali, usitazame pua. Pandisha kolektivu polepole hadi chombo kiwe chepesi kwenye miguu yake, simamisha hapo, na kwa dakika tano fanya kazi moja tu, kulinda pua isitoke kwenye mstari kwa pedali. Siku ya pili inua futi tatu, uiachie saikliki nafasi yake. Kama helikopta inakutoroka polepole na unaikuta, mpangilio ni mzuri na kilichobaki ni mazoezi. Kama inaruka ghafla bila wewe kugusa, rudi joy.cpl.

Wazazi nao waelewe kwamba saa hizi za nyumbani hazihesabiwi kwenye leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hata hivyo kijana anayejenga kolektivu ameshika kulehemu, hesabu za gia na usomaji wa sensa, na hivyo vinamfaa hata kama hatakanyaga helikopta.

Kwa wauzaji nina ombi moja. Wekeni kompyuta moja kaunta, na mteja afunguliwe joy.cpl kabla hajalipa, azungushe kila mhimili kwa dakika mbili huku macho yake yakiwa kwenye ile alama ndogo ya msalaba.

Fundi elektroniki,
Nkuhungu, Dodoma.